Malisho Tuliyoyafunga Wenyewe

Mwaka reli ilipofika Dodoma nilikuwa na mtoto wa kwanza, na maziwa yangu yalikuwa haba. Baba yangu akanipa ng'ombe mmoja mwekundu, nikaja naye huku upande wa Hombolo kwa mume wangu ili mtoto asilale njaa. Mtoto alimtegemea ng'ombe, na ng'ombe alitegemea mbuga ya akiba.

Mbuga hiyo wazee waliifunga kila mvua zilipokwisha. Walilaza matawi ya miiba njiani, na hakuna aliyepeleka hata ndama humo mpaka kiangazi kikaze na baba mkwe wangu, mkubwa wa wazee hao, aifungue. Aliyeiba malisho alitozwa mbuzi. Niliipenda sheria hiyo, sitaki kusema uongo. Ilitulinda.

Mwaka huo wakaja wakata kuni. Gari moshi la Wadachi lilikula kuni kupita jiko la harusi, na nyapara wao alikuwa ameiona miti ya mbuga yetu. Waliingia na mashoka, na maksai wao wa kukokota magogo wakaachiwa humo humo wale wapendavyo. Wazee walikwenda kulalamika. Nyapara akawaambia kwamba ardhi isiyolimwa ni mali ya serikali, na nyuma yake alisimama askari mwenye kiboko. Wakarudi nyumbani.

Nilimwendea baba mkwe, nikapiga magoti nikamwamkia.

"Baba, fungua sasa. Ng'ombe wetu wapate hicho kilichobaki."

"Wakati haujafika, mwanangu."

"Na maksai wale, wao wakati wao umefika?"

"Wale hawakufunga. Tuliofunga ni sisi."

Nilimtazama mume wangu aniunge mkono, naye akawa anachokonoa udongo kwa kijiti. Nani angempinga baba yake? Hata mimi, kwa mdomo wangu wote huu, sikuthubutu kumfungulia ng'ombe wangu mwenyewe. Kutwa nilipanda mawe ya kilimani kumtafutia majani, na huko juu nilisikia mashoka yakifanya kazi bila haraka. Ng'ombe alikuwa akikonda na maziwa yakipungua, na kila mtu kijijini aliona.

Siku ya kufungua ilipowadia, baba mkwe alifanya yote kama ilivyo desturi. Alinyunyiza maji ya unga, akaomba, kisha akaivuta miiba pembeni taratibu, ingawa kando yake magogo yalikuwa yamechimba njia ya kupitisha kundi zima. Tukaingia. Vilikuwepo visiki, vumbi, na mavi ya maksai yaliyokauka. Ng'ombe wakasimama tu, hawakujua waende wapi.

"Lisheni," alisema baba mkwe, na sauti yake ilitetemeka. Nilimhurumia. Nilimchukia pia, na mpaka leo sijui nani mwingine ningemchukia ambaye angenisikia.

Jioni nilichuchumaa kumkamua yule ng'ombe. Nilivuta chuchu mpaka vidole vikaniuma, hakikutoka kitu. Kibuyu kikagonga jiwe, na mtoto mgongoni, aliyeijua sauti ile kuwa ya maziwa, akaanza kurusha miguu na kucheka.