Jiwe la Kujaribu Mashine

Siamini mashine. Zile za depo, kwa wanunuzi wa madini, zinazopima shaba katika mawe yetu hapa Kolwezi na kutupunja, ndizo zilizonifundisha. Mchimbaji mjanja huzipa kwanza jiwe ambalo kiasi chake cha shaba tayari anakijua.

Basi Mama Kapinga, kiongozi wa koperative yetu, ushirika wa wachimbaji, aliponituma mimi katibu kuweka programu ya akili bandia inayofupisha video za mtandaoni, nilihisi mtego. Asubuhi nzima niliandika amri kwenye skrini nyeusi ya kompyuta, nikikosea na kurudia. Kisha, mbele ya wachimbaji wote, nikaipa video ninayoijua: hotuba yangu mwenyewe ya saa nzima, ile iliyonipa cheo cha mwalimu wa usalama wa mashimo.

Jibu likatokea ukutani, kwa projekta: “Msemaji anasalimia viongozi. Anasifu koti lake. Anasalimia viongozi tena. Kuhusu usalama hakuna kitu.”

Watu wakacheka hadi machozi.

“Munaona?” nikapiga kelele. “Mashine hii iko na uongo!”

Mama Kapinga akavuta kiti, akaniita baba kwa heshima. “Sawa, tata. Tuangalie video yako yote, mpaka ku mwisho. Batu bote bako hapa.”

Nikaangalia mlango.

“Hapana, mama,” nikasema. “Mashine inasema kweli.”