Nimetumwa Nimwambie Mama wa Watu Sauti ya Mwanawe Haitoshi

Salaam kwenu nyote. Jina langu lifichwe, tafadhali, na mji pia. Anayeujua mji wa Ibra, huku Oman, hayuko mbali nami. Nina miaka ishirini na nne, sijaolewa, ni karani kwa mkataba wa muda katika skuli ya serikali ya wasichana. Wazee wangu walirudi Oman kutoka Unguja, na nyumbani mpaka leo tunaamkiana kwa shikamoo. Naandika nikiwa sijui kama nina hofu au kinyaa. Nadhani kinyaa.

Skuli yetu itapokea wageni wakubwa hivi karibuni. Mwalimu wa Kiarabu alimchagua msichana wa darasa la sita asome maneno ya kuwakaribisha jukwaani. Nitamwita Salma, si jina lake. Mtoto huyo akisoma, hata wafagiaji husimama. Lakini Salma ni mweusi, na hapa mjini kila mtu anajua kuwa wazee wake wa zamani walikuwa watumwa katika mashamba ya mitende. Halisemwi hadharani. Hunong'onwa tu: "Wale watumishi."

Jumatano kamati ya wazazi ilikaa. Mama yake Salma naye alikuja, kajifukiza udi, furaha imemjaa usoni. Kahawa na tende zilikuwa mezani. Ada yetu mnaijua: anayemimina ni mdogo wa kikao, na mdogo nilikuwa mimi. Nikainuka. Kabla sijalishika dele, lile birika la kahawa, halati yangu, mdogo wake mama, ambaye ni mjumbe wa kamati, alinyoosha kikombe chake kunipita mimi, akamwelekezea mama Salma.

Yule mama alikitazama kikombe, akanitazama mimi niliyesimama, kisha akalichukua dele. Akammiminia halati, akawamiminia wote, dele mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, hata tone halikumwagika. Halati alipotosheka alikitikisa kikombe kuwa basi, bila kumtazama usoni. Na dele bado li mkononi mwa mwenzao, mmoja akasema, "Jukwaani awekwe binti mwenye sura ya skuli yetu. Wageni watapiga picha."

"Huyu apitishe tende," mwingine akadakia, wakacheka. "Si kazi mbaya."

Mama Salma aliliweka dele mezani polepole. "Mwanangu amehifadhi yote," alisema. "Hata pa kuvuta pumzi anapajua." Akatoa salamu, akaenda zake.

Baadaye naibu wa mwalimu mkuu aliniita. "Jumapili asubuhi mpigie simu yule mama. Mwambie tumeona sauti ya binti yake haitoshi. Wewe una maneno laini."

Halati ndiye aliyenirudisha nyumbani kwa gari yake. Nikamwuliza, "Halati, kwa nini umemfanyia vile?"

"Vipi?"

"Kile kikombe."

"Aa, we mtoto! Watu na asili zao. Kimemuuma nini? Mbona amemimina vizuri?"

Nikamkumbusha alivyokuwa akinihadithia mwenyewe utoto wake: mgeni nchini, Kiarabu hakijui, wenzake darasani wakimwita Mzinjibari, yaani mtu wa Unguja, na kuziba pua akipita, naye anajifungia chooni kulia.

"Ndiyo maana," akanijibu, macho barabarani. "Nimetoka huko kwa taabu. Unataka nirudi nikakae nao?"

Nilitaka kushuka nitembee kwa miguu. Sikushuka. Mama nilipomweleza alishusha sauti kana kwamba majirani wanasikia. "Hiyo kazi nani kakupatia? Si halati yako? Basi piga simu, ufunge mdomo. Sisi hayatuhusu." Hayatuhusu! Na picha ya bibi yangu aliyemzaa yeye mama imefungiwa kabatini, haitundikwi ukutani, kwa sababu ya rangi yake.

Alhamisi Salma alinijia ofisini. "Abla," akasema, kama wanavyowaita walimu wao wa kike, "nisikilize, nimezidi kujirekebisha." Akasoma bila kusita, sauti ikatoka ikajaa hadi ukumbini, wasichana wakaja kuchungulia mlangoni. Naibu aliinuka, akafunga mlango wa chumba chake.

Jumapili ni kesho kutwa. Nikisema uongo ule, mtoto ataamini kuwa sauti yake ina kasoro, na huenda asisome tena mbele za watu. Nikisema kweli, mkataba wangu hautafanywa upya, na halati atauvuruga ukoo mzima. Nikinyamaza, Salma atakuja na nguo mpya aondolewe mbele ya wenzake.

Na kuna jambo moja sijalisema. Siku ile ya kikao, mama Salma alinifikia mimi mwisho. Nilikuwa bado nimesimama palepale. Akanipa kikombe, akasema, "Kaa, binti yangu, unywe." Nikakaa. Nikanywa.

Nishaurini, ndugu zangu. Akiipokea simu hiyo, nimwambie nini?