Jina Alilotaja Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Bugene watu waliamini kwamba mwanamke akikawia kujifungua ameficha jina la mwanamume, na mtoto hatatoka mpaka jina hilo litajwe. Mimi ni mzee sasa, lakini nikiikumbuka imani hiyo damu bado inanichemka.

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa sotoka, na Wadachi walikuwa wageni bado. Mama alishikwa na uchungu alfajiri. Bibi mzaa mama, mkunga aliyesifika, alikuwa amefika kutoka Bweranyange siku tatu kabla, na baba, kwa kumstahi mkwewe, alihamia kwa jirani. Mimi nilikuwa msichana wa miaka minane hivi. Bibi alinipa kazi ya kufungua kila fundo lililokuwamo nyumbani: kamba za kuni, mshipi wa mama, hata ugwe wa kibuyu. Ilisemekana fundo hufunga tumbo. Na imani hiyo sina ugomvi nayo, maana haikumdhuru mtu, na mimi ilinituliza.

Kazi yenyewe ilikuwa mikononi mwa Bibi. Alimpigisha mama magoti juu ya nyasi zilizotandikwa, akamshikisha nguzo ya msonge. Alikunja lubugo, ile nguo ya gome la mti, akaipasha moto na kumkandamiza nayo kiunoni kila uchungu ulipopanda. Ukishuka, alimwinua akamtembeza.

"Puliza taratibu, mwanangu, kama unawasha kuni mbichi," alimwambia, na mama akapuliza. Kuna wakati hata alicheka.

Adhuhuri akaingia shangazi, dada yake baba, na wanawake wawili wa ukoo wetu. Hakuuliza hali ya mgonjwa.

"Tangu alfajiri? Basi kuna jina hapo." Akamgeukia Bibi. "Wewe toka, mama. Utamfichia mwanao."

"Mtoto anageuka polepole," Bibi alisema. "Mwacheni apumue."

Walimshika mikono wakamtoa nje. Lubugo ikabaki pale kwenye nyasi, ikapoa.

Hapo ndipo nilipoona hofu inavyomfanya mtu. Mama aliacha kupuliza. Mabega yalimpanda, meno yakakazana, na uchungu ulipokuja alikuwa akigonga paji la uso kwenye nguzo.

"Taja," shangazi alisema, "au utakufa naye."

"Sina, wifi."

"Taja."

Waliuliza mpaka sauti ya mama ikakauka. Nilikuwa nimeshika kamba niliyoifungua, na kando yangu palikuwa na kuni. Nilitaka kumpiga shangazi kwa ukuni mmoja. Sikumpiga, na hilo linaniuma.

Mwishowe mama alimtaja mchuuzi wa shanga na kaniki, Mwislamu mwenye asili ya pwani aliyekuwa akipita kwetu na mizigo yake. Basi wote watatu walitoka mbio kwenda kwa baba, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kusema. Wakamwacha mama peke yake na mimi.

Bibi aliingia. Alipasha lubugo upya, akamrudisha mama nguzoni, akamkanda kiuno huku akimwimbia kwa sauti ya chini mpaka mabega yakashuka. Jua lilikuwa bado juu ya migomba mdogo wangu alipolia.

"Mnaona?" shangazi alisema aliporudi. "Jina limemtoa."

Baba, ambaye hakuwa ameona chochote, alisadiki. Mama alirudishwa kwao Bweranyange na mtoto mgongoni. Mimi nilibaki Bugene nikalelewa na shangazi huyohuyo.

Nilipoolewa na kupata mimba nilikwenda kumwuliza mama kama ilikuwa kweli. Alikuwa akimenya ndizi, wala hakuacha.

"Yule mchuuzi alikufa kwa ndui mwaka mzima kabla sijapata mimba ile," alisema. "Wenzake waliniambia mimi peke yangu walipopita. Nilitafuta mtu ambaye hawataweza kumpiga."

Katika uchungu ule, mama yangu alikuwa akimtafutia mtu mwingine usalama. Nilirudi Bugene siku hiyohiyo nikamweleza shangazi yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mtoto si alitoka?" alisema, akaendelea kupepeta mtama wake.

Amekufa zamani, na bado namkasirikia. Mimi nami nimekuwa mkunga. Mafundo nafungua, kwa heshima ya Bibi, na lubugo napasha. Anayeingia kuuliza jina namtoa nje kwa mkono wangu, awe mama mkwe, awe nani, nikijua kwamba nimechelewa kwa mwanamke mmoja.