Mawe Yasiyooshwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilijifunga leso puani. Nyapara wetu, Mzee Wambua wa Machakos, alicheka mpaka akashika mbavu. "Toa hiyo kitu, kijana. Hapa pua ndiyo mashine yako."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye mtambo wa maji taka bondeni chini ya Lavington. Maji ya vyoo na mabafu ya wakubwa yalipita kwanza kwenye chujio la vyuma lililonasa matambara, yakatulia tangini mpaka tope likazama, kisha yakanyunyizwa juu ya vitanda viwili vya mawe, kikubwa na kidogo. Mawe yale yalikuwa na ute, na ndani ya ute waliishi vijidudu waliokula uchafu. Maji yaliyotokea chini tulinyweshea kitalu cha miti ya mjini. Hakuna mtu aliyeyanywa, lakini miche iliyapenda.

Mwenzangu Barasa, Mbukusu kama mimi, alikuwa ametoka kufanya kazi ya nyumbani kwa Mzungu. Ule ute ulimchukiza kweli. Mzee Wambua alipokwenda likizo, Barasa akakunja suruali, akakisugua kitanda kidogo kwa brashi na magadi mpaka mawe yakang'aa. Yaani aliwaua wafanyakazi wetu wote! Maji yakaanza kutoka yakinuka vibaya.

Bwana Inspekta, Mzungu aliyesimamia mtambo, akawaka. "Huyu kwenda kwao!" Enzi hizo ukikosa kazi ulikosa na kibali cha kukaa Nairobi, na mke wa Barasa alikuwa karibu kujifungua. Nilimhurumia sana.

Mzee Wambua aliporudi, akavua kofia. "Bwana, huyu amekosa kwa kupenda usafi. Mwache apande mbegu ya ute kwanza."

Inspekta akakubali shingo upande. Barasa akabeba mawe yenye ute kutoka kitanda kikubwa, akayachanganya na yale meupe, akayatunza kama vifaranga. Kila asubuhi aliyapapasa. "Bado, ndugu yangu," aliniambia kwa huzuni. "Bado iko safi."

Nimestaafu siku nyingi sasa. Vijana wakiniuliza kazi ile ilikuwa na heshima gani, nawasimulia asubuhi Inspekta alipokinga glasi ya maji ya kitanda cha Barasa, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akagusa jiwe, na kidole kikateleza.

"Barasa," akasema, "mawe yako iko chafu sana. Mzuri kabisa! Wewe kaa hapa."

Barasa akalia mbele yetu sote. Tangu afike mjini hakuna bosi aliyewahi kumsifu, na sasa amesifiwa kwa uchafu.