Sauti ya Mama Imezikwa, na Mimi Naambiwa Nicheke

Admin, naomba ufiche jina langu na shule ninayofundisha, maana huku Masasi tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu, nina mtoto mmoja. Naandika nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba kwa mila zetu hata kukasirika sina ruhusa.

Mama yangu aliugua saratani ya koo. Madaktari walituambia akifanyiwa upasuaji, sauti haitarudi tena. Kabla ya hapo nikaazima kamera ya mwalimu mwenzangu, nikawa namrekodi jioni kila nilipopata nafasi. Mama alikuwa mwimbaji wa kanisani, mcheshi, mwenye mdomo. Aliimba, akasimulia walivyokuwa wakishuka bondeni kufuata maji akiwa msichana, akanigombeza kwa Kimakonde kwa nini sizai wa pili, kisha akacheka mpaka akapaliwa. Baada ya upasuaji hakutamka neno tena hadi anafariki.

Video zilikuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani, na niliona dalili kwamba inaelekea kufa. Nikanunua diski ya nje, ile ndogo inayochomekwa kwa waya, ili nifanye bakapu. Picha zinapita, video zinagoma. Fundi mmoja wa mjini akasema diski ni mbovu, ninunue nyingine kwake. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu la kuchomeka, nikajaribu kwenye kompyuta ya shule, wapi! Mwisho nikatulia nikasoma yale maandishi niliyokuwa nayafunga bila kuyasoma: faili ni kubwa mno kwa diski hii. Kumbe diski ni nzima, ila ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa zamani usiopokea faili moja kubwa. Nikaiformati upya kwa mfumo mwingine, video zikapita zote, na nikazifungua moja moja kuhakikisha. Haikuchukua muda kompyuta ikafa kabisa na diski yake ya ndani. Kamera nilisharudisha ikiwa tupu. Na msiniulize kwa nini sikuweka mtandaoni, bando la mwalimu mnalijua.

Mama alipofariki tulimpeleka kwao, Kitangari. Nikabeba ile diski ili kanisani watu wamsikie akiimba kwa mara ya mwisho. Katekista akaichomeka kwenye kompyuta yake, spika zikafunguliwa, kanisa zima likalia. Nikairudisha kwenye mkoba, mkoba nikauacha nyumbani kwa mjomba pamoja na mizigo ya wanawake wengine, tukaenda makaburini.

Kwa wasiojua, mtani huku kwetu akija msibani ana ruhusa ya kufanya karibu lolote. Ataiga marehemu alivyotembea, atachukua vyombo, ataingia kaburini agome kutoka mpaka apewe chochote. Mfiwa hatakiwi kununa. Mtani wetu wa ukoo ni baba wa makamo, na siku hiyo alichangamka kweli. Alichelewa kufika makaburini, akaja amejifunga khanga ya mama kiunoni, ana kifurushi cha nailoni mkononi, akarukia ndani ya kaburi akisema bila chake hazikwi mtu. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa hela ili atoke! Akatoka. Kifurushi hakutoka nacho.

Siku nzima iliyofuata nilitafuta diski nikihisi nitapata kichaa. Siku ya kuanua tanga, watu wamekaa wanakula, mtani akaanza kusimulia.

"Huyu mama nilimsikia anaimba kanisani na huku kalala kwenye sanduku. Nikasema, huyu kwa kelele zake atauwezea wapi ukimya wa kule? Nikamfungashia kile kidude chake akaendelee kuongea."

Watu wakaangua kicheko. Niliinuka. "Baba, kidude gani?"

"Si kile cheusi kilichokuwa kwenye mkoba wako? Nikakifunga nailoni vizuri, asije akasema nimempa kibovu."

Sikumbuki nilisema nini. Naambiwa nilimtukana mtu mzima mbele za watu na nikampokonya sahani. Mama mkubwa akanikamata mkono. "Mwanangu, kaa chini. Huyo ni mtani!" Wote walinishangaa mimi, yeye hakuna aliyemshangaa. Mtani mwenyewe akaniangalia akasema nikilia sana atanidai faini.

Kesho yake nikaenda kwa mjomba, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote huku napiga magoti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaburi la dada yangu halifukuliwi kwa ajili ya kiredio." Nikamwambia si redio, ni mama. Akasema mama yuko na Mungu, na nikimfuata mtani kwa ugomvi nitakuwa nimevunja kitu kilichojengwa na mababu, na misiba yetu ijayo tutazikana kimya kama wezi. Mchungaji naye anasema kufukua kunahitaji kibali cha serikali, na bila ndugu kukubali hawezi kuniunga mkono.

Fundi mwingine ameniambia ukweli: kama ardhi bado ni kavu na nailoni haijachanika, diski inaweza kusomeka. Ikishaingia maji, nisahau. Msimu wa korosho umefika, mvua haziko mbali. Kila wingu nikiliona natoka nje kutazama linaelekea wapi.

Mwanangu ana miaka minne. Bibi aliyemjua yeye ni yule wa kuonyesha kwa vidole, hakumbuki kumsikia akimwita jina lake. Kwenye video mama anamwita.

Msinishauri nisamehe kwa sababu ni mtani, hilo nimeambiwa mpaka masikio yamechoka. Niambieni kitu kimoja tu, na muwahi: nikatafute kibali, nigombane na ukoo mzima na nimfukue mama yangu, au nikae ndani nisikilize mvua ikinyesha juu ya sauti yake?