Mto Uliomrudisha Mdogo Wangu

Siku mama yetu alipopata viza, mto Rhine ulikuwa na maji ya kutosha. Nakumbuka kwa sababu nilimpigia simu mdogo wangu nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, hospitalini mtaa wa Woluwe, naye alikuwa melini, na nyuma ya sauti yake nilisikia wageni wakicheka na vyombo vikigongana. Nilimsomea barua ya ubalozi kwamba viza imetoka. Akasema, "Yaya, nisomee tena." Yaya ndivyo anavyoniita, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikamsomea tena, abiria wa basi wakinitazama.

Mama alikuwa amenyimwa viza mara mbili kabla ya hapo. Tulimwacha Bukavu mimi nikiwa mtu mzima tayari, lakini mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitano tu. Mama ndiye aliyeamua aondoke nami. Alimpandisha kwenye gari huku mtoto akimshika nguo, akaufunga mlango mwenyewe. Tangu siku ile walionana kwenye simu tu.

Mdogo wangu alifanya kazi kwenye mojawapo ya zile meli ndefu, nyembamba, zinazobeba watalii kati ya Amsterdam na Basel. Wageni wengi ni wazee waliostaafu. Wanalala melini, wanashuka kila mji kutazama kanisa na ngome, wanarudi kula. Alianza kwa kutandika vitanda. Mwaka ule walikuwa wamempandisha cheo, wakamweka mapokezi, na msimamizi wake alimwambia kwamba msimu ukiisha vizuri atapata mkataba wa kudumu. Kabla ya kazi ya meli alisafisha ofisi kwenye maghorofa ya karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, saa ambazo wenye ofisi hawajafika. Alikuwa akiniambia kwamba alifanya kazi pale miaka mitatu na hakuna aliyemjua sura. Melini wageni walimwita kwa jina, na wengine walimletea picha za wajukuu wao azione.

Tukapanga. Mama angefika mwanzoni mwa Agosti na kukaa wiki sita. Wiki ya pili meli ingefika Amsterdam, mdogo wangu angeanza likizo yake, angepanda treni na jioni ile ile angekuwa nyumbani kwangu, mtaa wa Evere. Tulipanga hayo yote bila kufikiria mvua.

Mama alifika na sanduku moja la nguo na jingine la chakula. Alikuwa amebeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, amewakausha na kuwafunga vizuri kwenye karatasi. Nilipotaka kuwakaanga akanizuia. "Hapana. Ile ni ya mutoto. Wewe utakula akishakuya."

Mvua haikunyesha. Nyasi za bustani iliyo chini ya jengo letu ziligeuka rangi ya mkate. Kazini tulikuwa tukizunguka na mitungi ya maji, vyumba vya wagonjwa vikichoma kama jiko. Mwanzo sikuona uhusiano wa joto lile na mdogo wangu. Kisha akapiga simu akasema kwamba mto umeshuka.

Alinieleza taratibu, nami nikamweleza mama. Katikati ya Rhine kuna sehemu nyembamba ambapo chini ni miamba. Maji yakipungua sana, meli kama yao haiwezi kupita pale. Ikijaribu, inakwaruza tumbo. Meli yao ilikuwa imebaki upande wa juu. Upande wa chini kulikuwa na meli nyingine ya kampuni hiyo hiyo. Basi wageni walifungashwa mizigo, wakapandishwa mabasi, wakaendeshwa barabarani mpaka kwenye ile meli nyingine, na wa kule wakaletwa huku. Lakini wafanyakazi hawakubadilishana. Kila mmoja alibaki na meli yake. Na meli yake haingefika Amsterdam.

Mama alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti. Maji anayoyajua yeye ni ziwa. Amevuka Kivu mara nyingi kwenda Goma kununua vitenge, na ziwa lile anasema halina mwisho chini.

"Bazungu beko na kila kitu," akasema. "Mayi tu ndiyo hawana?"

"Yapo, maman. Yamepunguka."

"Bon. Meli ikikwama, muntu anashuka. Mwambie ashuke."

Nilimwambia. Mdogo wangu akajibu kwamba wenzake wawili wa mapokezi walikuwa wameacha kazi kwa kuchoshwa na makelele, na likizo zote zilikuwa zimesogezwa mbele. Alisimama pale kaunta kutwa akipokea hasira za watu. Mzee mmoja alimpigia ngumi mezani, akamwambia, "Tulikuja kuona mto, mnatuonyesha barabara!" Mke wake, ambaye alikuwa akitembea kwa kiti cha magurudumu na hakuweza kupanda basi, alikaa kando akilia bila sauti. Mdogo wangu alimletea chai, akachuchumaa karibu naye mpaka alipotulia. "Kwa wiki nzima nimekuwa nikiomba radhi kwa sababu ya mvua," akaniambia. "Nikishuka sasa, yaya, ule mkataba nimeutupa majini."

Wiki ya pili ikapita. Wiki ya tatu pia. Nikirudi kutoka kazini namkuta mama dirishani, chakula nilichomwachia hajakigusa. Jioni moja nilikuwa nakunja nguo, akasema bila kugeuka:

"Sema kweli. Mutoto hataki kuniona."

"Maman, ni mto."

"Muto, muto. Nilimufungia mulango ya gari mimi mwenyewe. Alikuwa analia. Unafikiri alisahau?"

Nilimwonyesha picha alizotuma mdogo wangu, za ukingo uliojaa mawe na boti ndogo zimelala ubavu kwenye tope. Alizitazama kwa heshima, kama mtu anayetazama picha za arusi ya watu asiowajua. Nikaelewa kwamba hakuna picha ingemtosha.

Wiki ya nne mlango ukagongwa Alhamisi mchana. Nilikuwa zamu ya asubuhi, nimerudi muda si mrefu. Mdogo wangu alikuwa amesimama nje na masanduku yake yote mawili, si begi la likizo. Niliyaona masanduku kabla ya kumwona uso. Alinitikisia kichwa haraka, akaninong'oneza, "Meli imefungwa. Wametuachisha, msimu umekwisha. Usimwambie. Sema ni congé, likizo tu."

Mama alitoka jikoni na kijiko mkononi. Walisimama wakitazamana. Mama alimwacha akiwa na nywele fupi za shule na miguu myembamba, na sasa mbele yake alikuwa mwanamke mrefu kumzidi. Alimgusa shavu kwanza, kama anayepima homa. Kisha kijiko kikaanguka, na wote wawili wakaenda nacho chini, wakakaa sakafuni pale pale mlangoni wakilia. Nilivuta masanduku ndani nikafunga mlango.

Siku tatu zile nyumba ilijaa. Sambaza zilikaangwa, tukala kwa ugali. Mama alimsuka mdogo wangu akiwa amemkalisha chini kati ya magoti yake, akimwuliza habari za kila mwaka aliokosa. Mdogo wangu alijibu, akacheka. Lakini usiku, tukiwa tumelala chumba kimoja, nilimsikia akigeukageuka. Kila tulipokuwa peke yetu alitazama simu kuona kina cha maji. Kilizidi kushuka.

Jumapili tukaenda kusali. Kanisa letu ni ukumbi wa kukodi si mbali na Gare du Nord, viti vya plastiki, spika kubwa kupita ukumbi wenyewe. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mama aliinuka. Sikujua kama angesimama. Alitengeneza kitambaa chake, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Bandugu, mimi ni mugeni. Nilikuya kuona batoto yangu. Moja eko hapa. Wa pili meli ilimushika. Nikaomba, nikafunga kula. Nikamwambia Mungu, wewe ulikausha bahari, Waisraeli bakapita. Sasa kausha ile muto, mutoto wangu apite."

"Amen!" watu wakaitikia.

"Donc, Mungu alikausha! Bazungu bote banashangaa, mayi imeenda wapi. Mutoto wangu yule pale!"

Ukumbi mzima ulilipuka. Watu walipiga makofi, kinanda kikaanza, mama mmoja nyuma yetu akapiga vigelegele. Vichwa vyote vikageuka kumtazama mdogo wangu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona anajaribu kutabasamu na uso unakataa. Akainuka, akatoka nje.

Nilimkuta kando ya barabara ameegemea ukuta.

"Anashukuru," akasema. "Umesikia? Anashukuru. Na mimi namwomba Mungu mvua kila asubuhi. Sasa atamsikiliza nani?"

Nilimwambia mama hajui. Akasema anajua kwamba hajui, ndiyo maana inamuuma. Alikuwa na hasira, na hakuna hata mmoja wa kumkasirikia. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, mkoba kwapani. Alikuwa ametufuata. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

"Kuna nini?" akauliza.

Mdogo wangu akamwambia pale pale, muziki ukituzuia kusikilizana vizuri. Kwamba hakuna congé. Kwamba mto ukikauka, meli inafungwa, na meli ikifungwa wanafukuzwa. Kwamba mkataba wa kudumu haupo tena. Alisema kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayeng'oa kibanzi mkononi mwake. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya nini mulinificha?"

"Ulikuwa na furaha, maman."

Tulirudi Evere kwa basi, kila mmoja akitazama dirisha lake. Usiku hakula, na safari hii hakuwa anafunga.

Asubuhi ya pili yake alituambia anataka kuuona mto. Sio kwenye simu. Tukamwambia ni mbali, ni nchi nyingine. Akasema amekuja kutoka Bukavu, hatishwi na umbali. Siku yangu ya mapumziko tukapanda treni Gare du Nord, tukafika Cologne, mji ulio ukingoni mwa Rhine, kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa nimewahi kuiona Rhine ikiwa imejaa, mto mpana wenye nguvu unaosukuma meli za mizigo kama vijiti. Siku ile tulikuta ukingo mpana wa kokoto na mchanga, na watu wanatembea pale ambapo ilipasa kuwa maji. Meli mbili za watalii zilikuwa zimefungwa gatini, mapazia yameshushwa, na zilikuwa chini sana hata ngazi ya kuziingilia ilisimama kama ya kupandia dari. Mama alivua viatu. Akashuka kwenye kokoto na kitenge chake kizuri, mdogo wangu akimshika mkono asiteleze, mimi nyuma na viatu.

Alifika majini akachovya vidole. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Ni hii?"

"Ni hii, maman."

Mdogo wangu akamwonyesha ile meli ya karibu, inayofanana na yake. Pale mapokezi. Pale chumba cha kulia. Pale chini, kwenye vidirisha vidogo, ndipo wafanyakazi wanapolala, na maji yakiwa mengi unayasikia usiku yakipita karibu na sikio. Alimwambia kuhusu yule bibi wa kiti cha magurudumu, jinsi alivyomshika mkono siku ya kuondoka akakataa kuuachia. Alikuwa akieleza kwa hamu, mikono ikipaa, na mama hakuitazama meli. Alimtazama yeye.

"Unaipenda hii kazi," akasema.

"Naipenda."

Upepo ulileta harufu ya tope na samaki waliooza.

"Mimi siwezi kuomba msamaha juu ya kukuona," akasema mwishowe. "Nilitaka kukuona. Nitaomba mvua sasa. Lakini ile sala ya kwanza sirudishi."

Mdogo wangu alicheka huku machozi yakimtoka, akasema hata yeye hataki irudishwe. Kisha akasema anaogopa. Hakuwa ameniambia hilo mimi. Alimwambia mama kwamba wafanyakazi wakongwe wa melini wanasema zamani hali hii ilitokea mara moja moja tu, na sasa kila kiangazi wanaingoja. Mama hakumwambia yatapita. Alimshika tu kiwiko, wakarudi juu polepole.

Mvua ilinyesha mama akiwa ameshaondoka. Ilikuwa imechelewa kwa msimu ule. Majira ya baridi mdogo wangu alihudumia wazee majumbani huku Evere, na mwezi wa tatu kampuni ikamwita tena, lakini si mapokezi. Alirudi kwenye vitanda. Safari yake ya kwanza mto ulifurika kwa mvua na theluji iliyoyeyuka, maji yakapanda mpaka meli haikuweza kupita chini ya madaraja. Wakangoja siku kadhaa wamefungwa mahali, wageni wakapandishwa mabasi tena. Aliponipigia hakujua acheke au alie. "Yakipungua tunakwama, yakizidi tunakwama," akasema.

Sasa mama anataka kuja tena. Juzi tulikaa kwenye simu, sisi watatu, kuchagua mwezi wa kuombea viza. Kiangazi maji hushuka. Majira ya baridi na mwanzo wa mwaka hupanda. Mdogo wangu alitaja mwezi wa tano, akasita, akataja wa kumi, akasita tena. Akakiri kwamba hakuna mwezi anaoweza kumwapia mama.

"Basi andika wa tano," mama akaniambia mimi.

Nikaandika wa tano. Ubalozi bado haujajibu.