Tumbo limepunguzwa, nia haijaguswa: Fundi Tani arudi tena kugonga lango la jeshi

Saa moja kasorobo asubuhi, sakafu ya karakana bado ina ubaridi, na Tani yuko chali chini ya geti la chuma lililoinuliwa juu ya matofali. Kofia ya kuchomelea ameishusha usoni, na cheche zinamrukia kwenye ovaroli iliyojaa matundu kifuani. Anachomelea bawaba ya chini, ile ambayo mafundi wenzake wanne huikwepa kwa sababu haifikiki ila kwa kulala.

Miaka miwili iliyopita asingethubutu kuingia hapo. Alikuwa binti wa kilo mia moja thelathini na nane, na akilala sakafuni walihitajika watu wawili kumnyanyua. Ndipo wenzake walipombandika jina la Tani. Leo ana kilo sabini na sita na jina limebaki palepale. Mteja mmoja aliyemshauri atafute jina linalofanana na mwili wake mpya alijibiwa kwamba daktari alikata tumbo, hakukata jina.

Akimaliza bawaba anajiburuta nje, anavua glavu na kutoa yai la kuchemsha mfukoni. Analila kwa vipande vinne, kila kimoja akikitafuna mpaka kiwe uji. Maji hayagusi. Atakunywa baada ya nusu saa, tena kidogokidogo, kwa sababu tumbo alilobakiziwa linajaa kwa kikombe kimoja cha chai.

"Watu wanadhani nilipasuliwa ili nipendeze," anasema huku akikusanya maganda. "Kupendeza nilikuwa napendeza, mama yangu ni mshonaji. Mimi nilipasuliwa kwa sababu nataka kwenda jeshini."

Jeshi lilimwingia akilini akiwa na miaka kumi na saba. Mafuriko yalikuwa yamesomba daraja kati ya kwao na shule, na wanajeshi wakaja na malori ya vyuma. Kwa siku mbili walisimamisha daraja jipya, na katikati yao alikuwamo sajini mwanamke, kamba kiunoni, akichomelea viungo huku mto unanguruma chini ya viatu vyake. Tani alisimama ukingoni siku zote mbili. Aliporudi nyumbani alimwambia mama yake kwamba kazi yake ameiona, iko mtoni.

Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda kwenye uwanja wa usaili. Askari wa langoni hakutazama hata vyeti vyake. Alimwambia jeshi halina lori la kubebea mtu mmoja, na mstari mzima ukaangua kicheko. Tani naye alicheka, ili yaishe. Kulia alikwenda kulilia nyumbani, nyuma ya mlango, na hilo analisema waziwazi bila kuona haya.

Baada ya hapo alijifunza kuchomelea. Mara mbili alijinyima chakula akapungua, na mara mbili kilo zikarudi na wenzao. Magoti yakaanza kugoma, kisha sukari ikapanda. Ndipo kundi la madaktari bingwa lilipopiga kambi kwa wiki mbili katika hospitali kuu na kuchagua wagonjwa kumi na wawili wa kupunguzwa tumbo. Yeye alikuwa wa kumi na moja kwenye orodha.

Mama yake alipinga kwa nguvu zote. Hakuelewa mtu mwenye akili timamu anakwendaje kukatwa tumbo ambalo haliumwi. Wiki nzima hawakusemeshana, na asubuhi ya upasuaji mama ndiye aliyembebea begi mpaka wodini, bado amenuna.

Alitobolewa matundu matano madogo, na zaidi ya theluthi mbili za tumbo zikatolewa. Miezi iliyofuata haikuwa ya mchezo. Nywele zilimkatika, harufu ya kukaanga ilimfukuza jikoni, na kila alipojisahau akala tonge moja la ziada alilitapika. Bosi wake, mwanamume wa maneno machache, alimpa kazi za kukaa, za kupima na kukata nondo, na kumwambia nafasi yake chini ya mageti inamsubiri.

Ilimsubiri kweli. Mwaka mmoja baadaye aliingia chini ya mageti kwa mara ya kwanza, na usaili ulipotangazwa alirudi uwanjani. Safari hii alikimbia kilomita tano kwa dakika ishirini na saba, akawa wa sita kati ya wasichana arobaini.

Kosa lilitokea baada ya mstari wa mwisho. Mjomba wake, koplo mstaafu aliyekuja kumshangilia, aliruka kamba na chupa ya maji ya lita moja, akimhimiza anywe yote. Tani alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Kwa dakika moja alisahau kwamba hana tena tumbo la zamani, akagugumia nusu chupa bila kupumua. Maji yalirudi yote, na yalitua kwenye buti za ofisa aliyekuwa akiandika muda wa wakimbiaji.

Ofisa aliuliza kama ni mgonjwa au ni mjamzito. Tani alijibu mbele ya watu wote kwamba si hili wala lile, amepunguzwa tumbo. Namba yake ikafutwa kwa peni nyekundu pale pale, hata kwa daktari hakufika.

"Nilimwua mtoto wa dada yangu kwa chupa ya maji," anasema mjomba, na hatanii. Tangu siku hiyo hanywi maji mbele ya mpwa wake.

Umri nao unamkimbiza. Mwisho wa kuandikishwa ni miaka ishirini na sita, na Tani anaifikisha baada ya miezi mitatu. Usaili wa mwaka huu ukimpita, hakuna mwingine.

Aliandika barua kwa ofisi ya uandikishaji, haikujibiwa. Aliandika ya pili, kimya. Ya tatu aliipeleka mwenyewe na kukaa nayo kwenye benchi la mapokezi kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano, ndani ya ovaroli yake. Jumatano mchana daktari wa jeshi alitoka kuuliza nani aliyeita fundi.

Daktari huyo, kwa maelezo ya Tani mwenyewe, alikuwa muungwana. Alimweleza kwamba mbio zake hazina tatizo, tatizo ni sahani. Kuruta hupewa dakika kumi za kula, kisha anakwenda kwenye gwaride la saa nyingi. Mwenye tumbo kama lake, alisema, ataanguka kabla ya wiki ya pili.

"Basi nipimeni," Tani alimjibu. "Msinikisie."

Daktari hakuahidi kitu, ila alimwambia alete ushahidi. Kuanzia wiki hiyo, kila mchana, mjomba huingia karakana na saa yake ya mkononi, huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kutoa amri ya kula. Dakika ya kumi ikitimia anaamuru "Simama!" kwa sauti ya enzi zake, na siku za mwanzo hata wateja walisimama.

Wiki ya kwanza Tani alimeza vijiko vinne tu. Wiki ya pili alitapika mara tatu, na mafundi wenzake wakamsihi mjomba aache kumtesa binti wa watu. Tani mwenyewe ndiye aliyekataa. Polepole aligundua kwamba akianza na maharage, nyama au samaki, na akiuacha wali hata kama unamkodolea macho, dakika kumi zinamtosha kupata kinachomshikilia. Amri ikitoka anabeba mfuko wa mchanga wa kilo ishirini na kuzunguka karakana saa nzima, ndipo ale yai lake.

Amefanya hivyo kwa wiki kumi na sita, wala hajaanguka. Daktari aliyempasua amempima damu na kumwandikia kwamba anaweza kubeba mzigo kama kijana yeyote, mradi apate kitu cha kula kila baada ya saa tatu.

Barua ya nne aliiambatanisha na cheti hicho. Nakala yake anayo, na sehemu moja anaisoma kwa sauti.

"Sijaomba nipunguziwe mbio. Sijaomba nipunguziwe mzigo wala niongezewe muda wa kula. Nimeomba ruhusa ya mayai mawili mfukoni. Nyie mmempa askari nafasi ya kubeba risasi, mtakosaje nafasi ya mayai?"

Mama yake alimtaka aufute mstari wa mwisho. Hakuufuta, na safari hii jibu lilikuja. Ameitwa kwa daktari wa jeshi Jumatatu, akiwa na fomu ya afya iliyojazwa.

Fomu hiyo ndiyo imeigombanisha tena familia. Iko mezani kwa mama, kando ya cherehani, na swali la tisa linauliza kama mwombaji amewahi kufanyiwa upasuaji. Daktari atakayempima Jumatatu, wameambiwa, ni mwingine, mgeni asiyejua habari za barua wala za benchi. Mjomba amevuta kiti karibu.

"Sikiliza, mwanangu," anasema. "Makovu yenyewe ni kama kuumwa na mbu. Andika Hapana. Ukishavaa sare hakuna atakayekufunua tumbo."

"Na siku nikiumia, mjomba? Kuna dawa za maumivu nikipewa zinanitoboa hili lililobaki. Watamtibu mtu wa kwenye fomu, mimi nitakufa pembeni."

Mama, ambaye hakutaka tumbo likatwe na hataki sasa lifichwe, anasimamisha cherehani na kusema kwamba mtoto huyu hakumzaa mwongo, amemzaa mbishi tu.

"Kuna dada tuliyelazwa naye wodi moja, naye anataka polisi," Tani anaongeza. "Nikipita kwa kujificha, yeye ataambiwa mtu kama sisi hajawahi kupita."

Anaandika Ndiyo. Nafasi ya maelezo ni mstari mmoja, kwa hiyo anageuza karatasi na kujaza upande wa nyuma mpaka chini: tarehe, hospitali, kilo zilizokwenda, na wiki kumi na sita za mchanga.

Saa ya kuripoti ni mbili asubuhi. Tani atakuwa langoni saa kumi na mbili, awe wa kwanza kwenye mstari.

"Nataka nimwahi daktari," anasema, "kabla hajazoea kukataa watu."